Majeruhi wa ajali akikataa kuongezewa damu, daktari anafanya nini?

Amepata ajali, damu inamwagika, hajitambui. Kwenye mkoba wake muuguzi anakuta kadi inayosema asiongezewe damu kwa hali yoyote ile. Daktari afanyeje?

Hii ilitokea kweli Kirkland Lake, Canada, mwaka 1979. Mgonjwa, Bi. Georgette Malette, alikuwa muumini wa Mashahidi wa Yehova. Dk. David Shulman alijua kuhusu kadi, lakini alipoona mgonjwa anamponyoka, akamwongezea damu. Bi. Malette akapona, kisha akamshitaki. Mahakama haikuona uzembe wowote, ila ilisema alimtibu mtu kwa namna aliyoikataa, ikamwamuru alipe dola 20,000. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufaa ya Ontario ikaubariki uamuzi huo.

Wengi wanachanganya hapa: kukataa damu siyo kukataa matibabu. Yapo mengi ya kufanya, ila yote yanakimbizana na saa.

Kwanza, damu isiendelee kutoka. Jeraha linakandamizwa, mkono au mguu unafungwa mkanda wa kubana, na kama damu inavujia tumboni, mgonjwa anapelekwa upasuaji mapema. Kwa mwingine daktari angeweza kuvuta subira kidogo aone hali inavyokwenda, kwa sababu chupa za damu zipo. Kwa huyu hakuna cha kusubiri.

Halafu kuna asidi ya traneksamiki, dawa ya bei ndogo tu, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha inapunguza vifo. Sharti ni kutolewa ndani ya saa 3. Ikichelewa zaidi inaweza hata kudhuru. Sasa fikiria majeruhi aliyekaa saa 2 barabarani akisubiri usafiri.

Mgonjwa pia anafunikwa apate joto, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Dripu je? Inajaza mishipa, lakini maji hayabebi oksijeni. Madini ya chuma na homoni ya eritropoietini husaidia mwili kutengeneza damu mpya, ila ni kazi ya siku kadhaa, siyo ya usiku wa ajali. Tuseme ukweli: wapo wanaokufa ambao damu ingewaokoa, na mtu mzima anayekataa anapaswa kuambiwa hivyo bila kufichwa.

Kwa watoto ni habari nyingine. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Canada iliunga mkono amri iliyowezesha binti wa miaka 14 kuongezewa damu ingawa alikataa.

Ipo pia mashine inayokusanya damu ya mgonjwa mwenyewe wakati wa upasuaji, inaisafisha na kumrudishia. Baadhi ya Mashahidi wanaikubali, wengine hapana. Kwa hiyo kadi iandikwe unachokataa na unachokubali, iwe na sahihi na tarehe. Simu nyingi nazo zina sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka bila nywila. Weka humo namba ya ndugu anayejua msimamo wako.