Kinyungu, Chemchemi na Mkutano Mkuu

Hapa Ilula, mkoani Iringa, mtu akikwambia ana shamba, muulize: la juu au la bondeni? La juu linasubiri mvua. La bondeni ndilo kinyungu, matuta kwenye udongo wa majimaji, ambako mahindi mabichi hupatikana kiangazi. Changu nilirithi kwa mama yangu. Mpaka wake ni mfereji na mkuyu. Karatasi hatujawahi kuwa nayo.

Wengi hudhani bila karatasi huna haki. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatambua haki ya kimila hata isiyo na hati. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini tu, na haiwezi kumgawia mtu bila idhini ya mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi.

Hilo nililiona kijijini kwetu, pembezoni mwa mji. Mtu mwenye uwezo alipanda milingoti kuzunguka chemchemi, na maji yakaanza kupungua. Kwenye mkutano bibi mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akajifunga kanga vizuri: "Mwenyekiti mwanangu, muhtasari uliompa chemchemi yetu tusomee." Daftari likafunuliwa mwanzo hadi mwisho. Haukuwemo. Milingoti iling'olewa.

Haki hii ya kimila ina mipaka, na naikubali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au za kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na vinyungu vingi vimo humo. Nyanya zetu nazo zinanyweshwa kwa maji hayohayo. Pampu zikizidi, wa chini wanakosa. Ndiyo maana kijiji kinahitaji mpango wake wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo zake, kabla hatujaletewa amri tupu ya kung'oa.

Na inawezekana. Upande wa Iringa Vijijini, Kiwere na Mfyome wanasimamia misitu yao ya miombo: kamati ya kijiji inafanya doria, na ada za mazao ya msitu zinaingia mfuko wa kijiji.

Mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Usipoitishwa, dai. Ukiitishwa, nenda, hasa nyie akina mama mnaolima bondeni, na msiondoke kabla muhtasari haujasomwa.