Si Mtundu, Si Zuzu: Ndivyo Alivyoumbwa

Wazazi wenzangu wa Wheaton, hata huku ughaibuni bado tunamwita mtoto mtundu au zuzu kwa sababu hatulii kitini, hatazami watu usoni, au kelele kidogo zinamliza. Huenda ana usonji au ADHD. Hali hizi hazitokani na uchawi, malezi mabaya wala chanjo.

Mtoto anayechapwa na kufichwa wageni wakija hukua akijificha mwenyewe, akiwaiga wenzake mpaka anachoka. Anayeelezwa alivyo hujifunza kusema bila haya, "Naomba nikae mahali tulivu."

Tangu 1975, sheria ya Marekani inazitaka shule za serikali ziwahudumie bure watoto wenye ulemavu. Ukiwa na wasiwasi, mwandikie mkuu wa shule barua kuomba mtoto apimwe. Weka tarehe, baki na nakala. Mkutanoni una haki ya mkalimani. Aliye chini ya miaka 3 huhudumiwa na Infants and Toddlers Program ya kaunti ya Montgomery.

Mtoto akikosea, mkanye. Ila usimkanye kwa jinsi alivyo.