Mtoto anajuaje sauti inatoka fasi gani?

Wamama, mbuzi akilia nyuma ya nyumba, unageuka kule kule bila kufikiri. Nani alikuambia kama ni kule? Macho hayakuona kitu. Ni ubongo ulipima, na kwa kupima vizuri unahitaji masikio mawili.

Sauti ikitoka upande wa kuume, inafika kwanza kwa sikio la kuume. Kwa sikio la kushoto inachelewa kidogo sana: ukigawanya sekunde moja mafungu 1000, haifiki hata fungu moja. Tena kichwa kinaizuia kama ukuta, basi kule kushoto inafika na nguvu kidogo. Ubongo unalinganisha masikio yote mawili, mara moja unajua fasi. Mikunjo ya sikio la nje nayo ina kazi: inasaidia kujua kama sauti iko juu ao chini, mbele ao nyuma.

Mtoto mchanga anageuka polepole tu. Akifika miezi 6, anageuza kichwa upesi. Mpime nyumbani. Dada yake akae mbele na kumchezesha. Wewe simama nyuma, kwa upande, asikuone, na ugonge kikombe na kijiko, si kwa nguvu. Fanya kuume, kisha kushoto. Kama hageuki, ao anageukia upande mmoja tu kila mara, mlete kliniki.

Lakini angalia sana mtoto mwenye sikio moja zima. Huyu anasema vizuri, akiitwa anaitika, basi watu wa nyumba hawatambui ugonjwa. Wanasema: "Huyu iko kichwa ngumu." Kumbe anaangaza-angaza juu hajui anayemwita iko wapi. Barabarani anasikia pikipiki, na anaweza kukimbilia upande ule ule inakotoka. Usimpige kwa sababu hiyo.

Surua na usaha vinaharibu masikio. Matumbwitumbwi mara nyingine inaua sikio moja tu. Chanjo ya surua inaanza kwa miezi 9. Sikio likitoka usaha, likaushe mara 3 kwa siku na kitambaa safi kilichosokotwa, na umlete mtoto kwa munganga. Usitie mafuta, wala maziwa ya ziwa, wala kijiti.

Mtoto wa sikio moja akienda masomo, mwambie mwalimu amketishe mbele, sikio zima lielekee kwake.