Makuti ya Kivuli, Jiwe la Kulala

Tangu treni ya Madaraka Express ianze kubeba abiria mwaka 2017, Pwani imesogea karibu na Nairobi. Mwenye duka Ngara anayedunduliza kwenye chama au sacco sasa anaweza kuwazia ploti ndogo Kilifi, Watamu au Msambweni, na juu yake nyumba ya vyumba viwili ya kupumzikia Desemba shule zikiwa zimefungwa. Picha aliyo nayo kichwani karibu kila mara ni ile ile: kuta nyeupe, minazi, na paa refu la makuti. Ni picha nzuri. Hata hivyo, nashikilia kwamba paa hilo ndilo la kubadilisha, kwa sababu ya moto, na kwamba mabadiliko yenyewe hayadai utajiri wala ramani ya kigeni.

Wengi watasema moto wa nyika ni shida ya Australia, si yetu. Ni kweli hatuna misitu mikubwa ya mikaratusi kama ile iliyowaka huko tarehe 7 Februari 2009 na kuua watu 173. Lakini wataalamu wa huko wamegundua jambo linalotuhusu sana: nyumba nyingi haziteketezwi na ndimi za moto zinazokuja kama ukuta. Huteketezwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, zikatua kwenye majani makavu yaliyojaa kwenye mifereji ya paa, zikapenya chini ya vigae au kwenye upenyo wa dari, kisha zikawaka polepole ndani wakati moto wenyewe umekwisha kupita. Sasa litazame paa la makuti kwa jicho hilo. Ni majani ya mnazi yaliyokaushwa, yakashonwa kwenye fito, yakapangwa tabaka juu ya tabaka ili hewa ipite. Ni kichaka kikavu tulichokipandisha juu ya vichwa vyetu. Hatuhitaji msitu, cheche moja ya jikoni inatosha. Septemba 2009, katika kijiji cha Faza kisiwani Pate, moto ulirukia paa baada ya paa na kuunguza nyumba zaidi ya 400 zilizosongamana, na mamia ya familia wakabaki bila makao.

Upande wa pili wa dunia, mji wa pwani wa Lahaina huko Hawaii uliteketea Agosti 2023 kwa moto ulioanzia kwenye nyasi kavu na kusukumwa na upepo mkali. Katikati ya majivu ilibaki nyumba moja ya paa jekundu, na picha yake ikaenea kila mahali. Ilikuwa nyumba ya mbao, yenye umri wa karibu miaka 100. Wenyewe walikuwa wameiezeka upya kwa mabati, wakang'oa mimea iliyogusa kuta na kutandaza mawe kuizunguka. Hawakufanya hivyo kwa kuogopa moto; walikuwa wanaikarabati tu. Huenda bahati nayo ilisaidia, lakini mambo hayo mawili, paa lisiloshika cheche na ardhi tupu kuzunguka kuta, ndiyo yale yale ambayo wataalamu wa moto huyataja kwanza.

Kwa ukuta, Pwani imekwisha kutupa jibu. Mawe ya matumbawe yanayochongwa kwenye machimbo ya Kilifi hayaungui, na nyumba kongwe za Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, zikafunikwa dari nene la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Jiwe, basi, ni la wenyeji kabisa. Kwa paa, mtu wa Ngara ana mfano karibu na nyumbani: mtaa huo, uliokaliwa zamani na Wahindi wa kazi za reli na biashara, bado una nyumba za mawe zilizoezekwa vigae. Vigae vinafaa mradi chini yake pawe na karatasi ya alumini inayoziba mianya. Mabati yaliyopakwa alumini na zinki hustahimili chumvi kuliko mabati ya kawaida, na ni nafuu. Hatari kubwa iko pale ukuta unapokutana na paa, mahali ambapo mafundi wetu huacha wazi ili hewa ipite. Hewa na iendelee kupita, lakini kupitia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 2, kipimo kinachotakiwa na kanuni za ujenzi za Australia. Ukiwa na matundu madogo zaidi, wavu huo huo huzuia hata mbu. Ule wa nailoni huyeyuka.

Makuti nayo yana mahali pake. Jenga banda la kivuli, wazi pande zote, bila jiko na bila nyaya za umeme za kubahatisha, mbali na nyumba. Mbali upande gani? Hapa ndipo wengi hukosea. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki. Zote mbili, katika pwani ya Kenya, hutoka baharini kwenda bara. Banda likiwekwa mbele, kati ya nyumba na bahari, cheche zake zitaangukia nyumba karibu mwaka mzima. Likiwekwa nyuma, upepo utazipeleka mbali nawe, na hapo lazima uhakikishe hazifiki kwa jirani. Najua kila mtu anataka kukaa kwenye makuti akitazama maji. Kwa mandhari hayo, baraza la mawe lenye paa la mabati au vigae linatosha. Na kama jirani wa upande wa bahari ni hoteli ya makuti, basi hatari yako kubwa ni paa lake, hata kama lako ni la zege.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya joto. Makuti hupoza nyumba, mabati huichoma. Hilo halina ubishi, ila tiba yake ipo: paa jeupe, dari lenye nafasi ya hewa juu yake, madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari upite. Kuhusu gharama, makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na anayepiga hesabu ya miaka 20 hataona unafuu mkubwa. Zipo dawa za kuyakinga makuti na moto, lakini mvua na jua huzipunguza nguvu na lazima zirudiwe. Sioni mtu aliye Nairobi miezi 11 akikumbuka kufanya hivyo. Akina mama wanaosuka makuti Kwale na Kilifi hawatakosa soko, kwa kuwa mabanda bado yatayahitaji.

Nyumba ya likizo hukaa tupu muda mrefu, majani ya mvinje yakirundikana ukutani na nyasi zikikauka kuanzia Januari hadi mvua za masika, msimu ambao watu huchoma mashamba. Hakuna wa kukimbilia ndoo. Kwa hiyo, kabla fundi hajaagiza boriti ya kwanza, simama naye kwenye ploti, mwonyeshe kaskazi na kusi zinakopitia, kisha chora chini kwa kijiti banda litakaa wapi na mawe yatatandazwa hadi wapi.