Wiki za Katikati: Hamu ya Mazoezi ya Marathoni

Maandalizi ya marathoni, mbio za kilomita 42.195, kwa kawaida huchukua wiki 16 hadi 20. Wiki za mwanzo hubebwa na upya wa jambo lenyewe: raba mpya, ratiba iliyobandikwa ukutani, marafiki waliokwisha kuambiwa. Wiki za mwisho hubebwa na ukaribu wa siku ya mashindano. Wengi hushindwa katikati, uchovu ukiwa umeshaingia miguuni na mbio zikiwa bado mbali. Hata bingwa haamki na hamu ileile kila siku, ndiyo maana mazoezi mazuri hupangwa yaweze kusonga hata siku ambayo hamu haipo.

Mpango wa namna hiyo unaonekana wazi Iten, mji mdogo wa Kaunti ya Elgeyo-Marakwet nchini Kenya, ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri, baridi ikiwa bado kali, wanariadha hutoka kwenye vyumba vyao vya kupanga na kukusanyika kando ya barabara ya vumbi jekundu, bingwa na chipukizi pamoja. Hakuna hotuba. Kundi huanza kwa mwendo wa kujikokota, watu wakipiga gumzo, kisha kasi hupanda kidogo kidogo kadiri miili inavyopata joto. Anayejua kwamba wenzake wanamngoja penye baridi huona aibu kukacha. Na kwa kuwa mwanzo ni mwepesi, hatakiwi kuiwaza mizigo ya kilomita 20 akiwa bado kitandani. Anatakiwa kufika penye kundi tu.

Wepesi huo wa mwanzo hupuuzwa sana na wanaoanza. Sehemu kubwa ya kilomita za wiki inapaswa kukimbiwa kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza bila kukata pumzi, na mazoezi makali kutengewa siku mbili au tatu. Wakimbiaji wengi wa mijini hufanya kinyume: kila jioni ni mashindano na saa ya mkononi. Baada ya wiki chache magoti yanauma na kukimbia kumegeuka adhabu. Mtu huyo hujilaumu kwa uvivu, kumbe kilichoiua hamu yake ni bidii isiyo na mpango.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, katika nadharia yao ya kujiamulia, wanataja mahitaji matatu yanayomfanya mtu adumu katika jambo: kuliamua mwenyewe, kujiona analimudu, na kuwa karibu na wengine. Kundi hutimiza hitaji la tatu. La pili hutimizwa vizuri na daftari. Mkimbiaji wa Kenya Eliud Kipchoge, pamoja na umaarufu wake wote, ameandika mazoezi yake kwenye daftari kwa miaka mingi. Kurasa zilizojaa humwonyesha mkimbiaji umbali aliokwisha kuumeza, jambo ambalo kumbukumbu ya siku ya uchovu huwa hailioni. Kuhusu kujiamulia, Kipchoge huyohuyo ni mfano. Mwaka 2012 aliikosa timu ya Kenya ya Olimpiki ya London katika mbio za uwanjani. Mwaka uliofuata alihamia marathoni, akashinda ya kwanza yake, Hamburg. Lengo likifa, lingine linaweza kuchaguliwa.

Kupotea kwa hamu kuna wakati ni taarifa ya akili au mwili uliochoka, na hapo hakutibiwi kwa kujilazimisha. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake walionyesha kwamba watu waliochoshwa akili kwa dakika 90 mbele ya kompyuta walisalimu amri mapema zaidi kwenye baiskeli, ingawa moyo na misuli yao vilifanya kazi kama kawaida. Mwenye kazi za kuchosha kichwa atafaidika akikimbia asubuhi, kabla ya ofisi. Hamu ikikosekana wiki nzima au mbili, ikifuatana na usingizi mbaya, mapigo ya moyo yaliyopanda mtu akiwa amepumzika, na mafua ya mara kwa mara, mwili umezidiwa. Dawa yake ni mapumziko na chakula cha kutosha. Upungufu wa madini ya chuma huleta unyonge kama huo, hasa kwa wanawake walio katika umri wa hedhi, na hugunduliwa kwa kipimo cha damu.

Kwa siku ya uvivu wa kawaida, inatosha kuvaa raba na kukimbia dakika kumi, kisha kuamua. Mara nyingi miguu ikishapata moto huendelea. Isipoendelea, mkimbiaji arudi nyumbani bila kinyongo na alale mapema, kwa sababu siku moja iliyokosekana haiharibu maandalizi ya miezi minne.