Kimo cha Jiwe: Kiswahili na Mlinganyo wa Kipeo cha Pili

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili kinafaa kwa hesabu za shule ya msingi, ambako kimekuwa lugha ya kufundishia nchini Tanzania tangu 1967, lakini hakimudu hisabati ya ngazi za juu. Dai hilo linaweza kupimwa kwa mlinganyo wa kipeo cha pili unaoeleza kimo cha kitu kilichorushwa hewani.

Mtu amesimama ukingoni mwa paa lililo mita 25 kutoka ardhini. Anarusha jiwe wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Ukinzani wa hewa ukipuuzwa, na mchapuko wa mvutano wa dunia ukikadiriwa kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, kimo cha jiwe (k) baada ya sekunde (s) ni:

k = 25 + 20s − 5s²

Namba 25 ni mahali jiwe lilipoanzia. 20s ni umbali ambao jiwe lingepanda lau mvutano usingekuwapo, na 5s² ni kiasi kinachopunguzwa na mvutano huo. Kiambishi -nge- kinatosha kueleza hali ya kudhaniwa ambayo fizikia huihitaji.

Uteuzi wa istilahi nao una uzito. Neno "urefu" hutumika kwa kamba iliyolazwa na kwa mnazi uliosimama. "Kimo" hupimwa kwenda juu tu. Jiwe hufika upeo wa mita 45 katika sekunde ya 2, kisha huanguka. Ligusapo ardhi limekwisha kusafiri mita 65, ilhali kimo chake ni sifuri. Mwalimu asemaye "urefu" mahali pa "kimo" huzichanganya dhana hizo mbili.

Iwapo itaulizwa ni lini jiwe lina kimo cha mita 40, mlinganyo hutoa majibu mawili: sekunde ya 1 na sekunde ya 3. Vitenzi "kupanda" na "kushuka" huyatenganisha mara moja. Swali la lini jiwe litagusa ardhi huzaa 5 na −1. Jibu la pili hukataliwa kwa sababu mlinganyo hauna njeo: haujui kwamba kabla ya sifuri jiwe lilikuwa bado mkononi. Sentensi ya Kiswahili inalijua hilo, kwa kuwa -li-, -na- na -ta- huweka kila tendo katika wakati wake.

Historia pia inashuhudia uwezo wa maneno. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad alitatua milinganyo ya aina hii kwa maneno matupu ya Kiarabu, bila alama za aljebra za leo. Kipeo cha pili cha namba isiyojulikana alikiita kwa neno lilelile ambalo Waswahili wanalo leo kama "mali". Naye Galileo, katika kitabu chake cha 1638 juu ya mwendo, aliandika majadiliano kwa Kiitaliano na kuyaacha mathibitisho mengi katika Kilatini.

Kwa mintarafu hiyo, mwanafunzi aliyekariri kanuni lakini hawezi kueleza kwa nini −1 imekataliwa bado hajauelewa mlinganyo. Maelezo hayo yanahitaji lugha anayoimudu, na Kiswahili kina nyenzo za kuyatoa.