Utulivu si kukubali kuonewa

Yeyote aliyewahi kupiga foleni ya maji huko Mathare anaijua hali hii. Mitungi imepangwa tangu alfajiri, maji yanatiririka kwa kusitasita, mara mtu anatokea na kupenyeza mtungi wake mbele. Kufumba na kufumbua, matusi yanaruka, na kabla jua halijapanda majirani wa jana hawaamkiani tena. Hasira hasara, walinena wahenga. Lakini hasira hiyo hutulizwa vipi?

Buddha, mwalimu aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata miaka 2,500 iliyopita, alikuwa na jibu lake. Aliwafunza wafuasi wake usawa wa moyo, ambao kwa lugha ya maandiko yao huitwa upekha. Alisema kuwa dunia humyumbisha binadamu kwa mambo manane: faida na hasara, heshima na fedheha, sifa na lawama, raha na taabu. Hakuna anayeyakwepa, awe tajiri au fukara. Leo kibarua kimepatikana, kesho hakipo. Mwezi huu mwenye nyumba anakuchekea, mwezi ujao anatia kufuli mlangoni.

Mafundisho haya si mageni katika Afrika Mashariki. Mjini Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na watu kutoka Sri Lanka yapata karne moja iliyopita. Huko Uganda, Bhante Buddharakkhita, mwenyeji wa nchi hiyo aliyelelewa katika Ukatoliki, aliijua dini hiyo mwaka 1990 akiwa mwanafunzi nchini India. Alifanywa mtawa Marekani mwaka 2002, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe.

Si lazima ubadili dini ili kulijaribu zoezi lao. Keti wima, hata kama ni kitandani katika chumba kimoja cha mabati. Fuatilia pumzi ikiingia na kutoka. Redio ya jirani ikinguruma, usipigane nayo. Tambua tu kwamba unasikia, kisha urudi kwenye pumzi. Hasira ikipanda, iite kwa jina lake: "Hii ni hasira." Utaiona ikipanda, ikisimama na kushuka. Dakika 10 kila asubuhi zatosha kuanzia.

Hapa ndipo penye swali gumu. Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika usiku, watu wakafa na nyumba zikasombwa. Mwezi uliofuata matingatinga yakabomoa makao ya waliosalia kandokando ya mto, baada ya serikali kuamuru watu wahame umbali wa mita 30. Je, aliyepoteza kila kitu aambiwe atulie tu?

La hasha. Walimu wa Kibuddha wenyewe huonya kuwa adui wa karibu wa upekha ni kutojali, kwa sababu kwa nje mambo hayo mawili hufanana kama mapacha. Ndiyo maana usawa wa moyo hufunzwa pamoja na upendo, huruma na kufurahia heri ya wenzako. Asiyejali huufunga mlango wake. Mwenye moyo mtulivu huhesabu watoto gizani, humshika mkono ajuza wa nyumba ya pili, na siku ya baraza husimama akadai haki yake kwa maneno yanayoeleweka.

Utulivu haurudishi mabati yaliyochukuliwa na maji. Unachofanya ni kumzuia aliyepoteza nyumba asipoteze pia majirani, afya na akili yake timamu.

Basi, msomaji mpendwa, kesho mtungi wako utakaposukumwa kando, vuta pumzi tatu kwanza. Kisha mtazame mwenzako usoni umwambie pasipo kupaza sauti: "Ndugu yangu, foleni inaanzia kule nyuma."